Soko la Kihistoria la Nyuma ya Kanisa

Jumapili, 30 Mei 1999

Soko letu huenda likafungwa. Nimeshindwa kumaliza kuku.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu Bridget, tunayelala naye chumba kimoja, anaelewa Kiswahili cha kuambiwa lakini cha kuandikwa kinamshinda. Kila akichungulia hurudi na neno moja tu, na mara nyingi ni jina la chakula. Leo ataondoka na kuku.

Nieleze kwa utaratibu. Sisi watu wa ibada ya Kiswahili hapa Laurel, Marekani, hatuna jengo. Tumepangishwa na kanisa la Wamarekani: wao wanasali asubuhi, sisi mchana. Ibada ikiisha hatuendi nyumbani. Tunatokea nyuma kwenye maegesho na buti za magari zinafunguliwa. Mama Serah, anayekuja kutoka Bowie, ana sukuma wiki aliyoipanda mwenyewe pale ambapo jirani zake wamepanda maua. Bi Sikujua, Mtanzania wa Falls Church, ana mandazi na khanga. Mama ana maziwa lala. Wengine wana unga, kadi za simu, kanda za video za harusi za Nakuru. Mimi nina sanduku la vitabu nyuma ya gari la Baba. Unaleta kimoja, unachukua kimoja.

Shuleni siongei. Sauti inapanda hadi kooni, inaona watu, inarudi. Lakini mtu akisimama mbele ya sanduku langu na kuuliza kitabu kizuri ni kipi, naongea mpaka Baba anawasha gari. Hapo tu. Duniani kote, hapo tu.

Leo Mchungaji Ndirangu ametangaza kwamba kamati ya wenye jengo imesikia kuna soko. Mkataba unakataza biashara. Mwenyekiti wao, Bi Dunlop, atakuja na wenzake wawili Jumapili ya tarehe 13 kujionea. Wakikuta soko, ibada ikiisha geti litafungwa na kila mtu ashike njia yake. Njia yenyewe ni Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko. Mtu wa Bowie na mtu wa Falls Church hawataonana tena mpaka kwenye msiba.

Bi Sikujua alisema basi leo tuuze kwa haraka. Watu walicheka, lakini kicheko cha kukohoa.

Mimi nina wazo. Nina kitabu kimoja ambacho hakimo sandukuni, cha kwangu kabisa, nilichokipata maktaba ilipokuwa inaondoa vitabu vya zamani. Ni mwongozo wa wageni wa mji wa Marlbridge, Uingereza. Jalada halipo. Nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Humo imeandikwa kwamba abate mmoja, yaani mkuu wa watawa, alitaka kulifunga soko la Marlbridge. Wenye soko wakaonyesha kwamba lilikuwepo tangu zamani zisizokumbukwa na mtu yeyote, na abate akanywea.

Ndiyo hiyo. Hakuna anayefunga kitu cha kihistoria, na hasa Wamarekani. Wanaweka mabango kando ya barabara kuonyesha mahali ambapo kitu kilikuwepo na sasa hakipo. Sisi chetu kipo.

Kikwazo ni kwamba soko letu lina miaka mitatu.


Jumatatu, 31 Mei

Sikukuu, hakuna shule. Nimeshinda nikipanga.

Kwanza lazima nieleze Marlbridge ilivyo, ili nijue tunachokosa. Ni mji mdogo juu ya kilima, na mto umeuzunguka kama mkono uliobeba mtoto. Soko ni la Jumatano, kwa hati ya mfalme. Katikati kuna Msalaba wa Siagi, nao ni paa la mawe lenye nguzo nane na msalaba juu yake. Wanawake wa vijijini walikaa chini yake wakiuza siagi na mayai bila kunyeshewa. Kuna kichochoro cha wachinjaji, chembamba hata nyumba za pande mbili zimeinamiana kama wanawake wawili wanaosengenya. Kuna mpiga mbiu wa mji, mwenye koti jekundu na kengele. Kulikuwa na muonja bia, ambaye alizunguka akionja bia ya kila mtu na kuikataa iliyo mbaya. Kulikuwa na Mahakama ya Miguu yenye Vumbi, iliyokata kesi za soko papo hapo, kabla wachuuzi wa mbali hawajajipangusa miguu na kuondoka. Kila jioni kengele hulia kuwaambia watu wafunike moto. Siku hizi hakuna mwenye moto, lakini inalia.

Na kuna mnara wa kanisa ulioinama. Huo ndio kivutio kikubwa kuliko vyote. Watu hutoka mbali kwenda kuutazama ukikosa kuanguka.

Mama alirudi kutoka zamu ya usiku nikamsomea yote haya akivua viatu. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza fundi aliyejenga huo mnara alifungwa miaka mingapi. Nikamwambia kuinama ndiko kulikoufanya uwe wa kihistoria. Akasema, "Ukiinama Uingereza ni historia. Ukiinama Eldoret, mkandarasi amekula simiti." Akaenda kulala.

Mnara nimeuahirisha. Tutaanza na Msalaba wa Siagi.


Jumatano, 2 Juni

Siku ya soko, kule Marlbridge. Nimeona ni ishara njema ya kuanza ujenzi.

Nguzo: mipini minne ya fagio. Mawe yalikuwa mazito kuyawazia. Paa: turubai la Baba la kufunikia jiko la kuchomea nyama. Msalaba wa juu: mbao mbili za kitanda cha zamani. Bridget alishika nguzo mbili na mimi mbili, kisha tukagundua kwamba hakuna aliyebaki wa kupigilia msumari. Bridget aliachilia moja ili ajikune.

Msalaba umeangukia gari la Baba. Boneti imebonyea kidogo, bonde dogo tu, la kuweza kushika maji ya kunywesha ndege. Nimelielekeza gari upande wa ukuta kwa macho, yaani nimetamani liwe limeelekea ukutani. Baba hatagundua.

Baadaye: Baba amegundua. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa upole kama huko kwenye mji wangu wa Uingereza kulikuwa na magari. Nikasema yalikuwepo magari ya farasi. Akasema farasi angekwepa.


Jumamosi, 5 Juni

Msalaba unasimama. Nimeweka kila nguzo ndani ya ndoo ya mchanga. Paa linacheza kidogo, lakini linacheza kwa heshima.

Leo nilitafuta mpiga mbiu. Nilijaribu mwenyewe kwanza. Nilienda nyuma ya fleti zetu, karibu na mapipa ya taka, nikavuta pumzi na kutangaza kwamba soko limefunguliwa kwa amri ya mfalme. Mbwa wa jirani alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo. Hakuinua hata sikio.

Kwa hiyo imebidi nimpigie Clement. Nachukia kuandika hivyo. Clement ni Mtanzania, wa umri wangu, na mama yake anafanya kazi ubalozini. Ana sauti ya mtu aliyezaliwa akiwa na kipaza sauti. Anaazima vitabu kwenye sanduku langu, halafu anamsimulia mwisho wake kila anayefuata. Ananiita Mheshimiwa Maktaba.

Nilimwomba kwa maneno machache iwezekanavyo. Aliuliza kama atavaa koti jekundu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama atapewa kengele. Nikasema kengele inatafutwa. Akauliza kama ninajua kwamba mimi ni kichaa. Nikasema saa saba unusu, usichelewe. Alicheka sana lakini akakubali, kwa sharti kwamba maneno ayatunge mwenyewe. Hili linanipa wasiwasi.


Jumapili, 6 Juni

Mazoezi, baada ya ibada. Nimejifunza mengi kuhusu udhaifu wa binadamu.

Kwanza: Mzee Gervas. Ni mstaafu, Mtanzania, anakaa na mwanawe. Nilipoeleza kwamba Marlbridge ilikuwa na muonja bia, na kwamba sisi, kwa kuwa tupo kanisani, tungehitaji muonja chai, alisimama kabla sijamaliza. Alipita kila chupa ya chai akiwa na kikombe chake mwenyewe. Ya Mama aliipitisha. Ya Mchungaji aliikataa, akasema, "Hii ni maji yaliyoiona chai kwa mbali." Mchungaji hakupendezwa. Mzee Gervas alisema sheria ni sheria.

Pili: Msalaba wa Siagi. Jua lilikuwa kali na paa lilikuwa moja. Mama Serah alisema sukuma yake inanyauka, kwa hiyo kivuli ni chake. Bi Sikujua alisema khanga zake zinapauka, kwa hiyo kivuli ni chake. Nikaona fursa. Nikafungua Mahakama ya Miguu yenye Vumbi.

Mahakama hii inasifika kwa haraka. Yetu ilianza kwa sala. Kisha Mzee Gervas akaomba aseme mawili matatu, akasema hadi vikombe vikapoa. Kisha kila mtu aliyewahi kuona kesi nyumbani alitoa maoni. Mwisho niliamua, kwa sauti ambayo Clement alilazimika kuirudia, kwamba Msalaba ni wa Mama Serah.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Serah aliposhinda aliona haya. "Bi Sikujua, njoo ukae wewe. Mimi nimezoea jua."

"Nani, mimi? Nikae kwa raha nikuache wewe unaungua? Watu waniseme?"

"Dada, nakuomba."

"Mwenzangu, usinitie dhambini."

Wote wawili wakakaa juani mpaka mwisho. Chini ya Msalaba hapakuwa na mtu. Clement alisema hakika ni kitu cha kihistoria, kwa sababu watu wanakitazama tu.

Tatu, na hili ni baya zaidi. Kulikuwa na msichana mgeni, nesi aliyehamia hapa majuzi. Alitaka kununua mandazi. Bi Sikujua alimtazama kana kwamba ameombwa amuuzie hewa. Mgeni wa kwanza kuja anunue? Akamjazia mfuko. Nilimwambia Bi Sikujua taratibu kwamba soko ni kununua na kuuza, na kwamba tarehe 13 kamati lazima ione soko la kweli, lililopangwa, lenye vibao vya bei kwa kila gari. Aliniambia nimesoma sana, akanipa andazi.


Jumanne, 8 Juni

Kengele imepatikana. Ilikuwa ukutani kwetu miaka yote hii, juu ya televisheni. Ni kengele ya ng'ombe wa babu, aliyoibeba Baba ndani ya soksi alipokuja Marekani. Imefubaa na upande mmoja imeliwa na kutu. Ina historia kuliko kitu chochote ndani ya fleti hii, hata kuliko friji.

Niliishusha Baba akiwa kazini. Nilikusudia kuirudisha Jumapili jioni. Lakini kengele ya ng'ombe haijui kukaa kimya. Nilipokuwa naipitisha sebuleni ndani ya begi la shule, Baba alikuwa amerudi mapema, ameketi kochini. Ililia mara moja tu.

Nilijua nimekwisha. Boneti, na sasa kengele.

Baba aliniomba nimpe. Akaishika, akaitikisa, akaitikisa tena, pole pole, kama ng'ombe anayepanda kilima. Kisha akaanza kutusimulia habari za ng'ombe yule: jinsi alivyokuwa akitangulia wenzake kurudi zizini, alivyokataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa bibi, alivyowahi kula kofia ya chifu. Chakula kilipoa. Bridget aliacha televisheni. Mama, aliyekuwa amejiandaa kwenda kazini, alisimama mlangoni na funguo mkononi akisema huyu mzee anamchelewesha, na hakuondoka.

Baba amesema niitumie. Ila Clement asiipige kama mlango. Aipige kama ng'ombe.


Ijumaa, 11 Juni

Leo nimeandika bango. Kila mji wa kihistoria una bango.

Shida ilikuwa maneno. Sitaki kuwadanganya wanakamati. Mwongozo wa Marlbridge unasema soko lao lilianza zamani ambazo hakuna azikumbukaye, na sentensi hiyo ni nzuri mno, lakini letu lilianza mwaka 1996. Nikaona bora niulize ukweli. Nilimpigia Mama Serah. Alisema mwanzilishi ni Bi Sikujua, aliyeleta mandazi. Nilimpigia Bi Sikujua. Alisema hapana, mandazi aliyaleta kwa sababu Mama Serah alikuwa tayari ana sukuma. Mama anasema walianza watu wa unga. Baba anasema alikuta liko hivyo, naye alihudhuria Jumapili ya kwanza kabisa. Mzee Gervas alisema anakumbuka kila kitu, kisha akasimulia habari za soko la Moshi.

Kwa hiyo nimeandika, kwa dhamiri safi, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: HAKUNA ANAYEKUMBUKA SOKO HILI LILIVYOANZA.

Pia nimemaliza vibao vya bei vya magari yote. Nimevichora mpaka wa maua. Kila mwenye gari nimemwelekeza kwa simu: auze, aonekane akiuza, asione haya. Wote wameitikia ndiyo, ndiyo, mwanangu. Mama Serah aliuliza tu kama huyo Bi Dunlop anakula pilipili.

Nitawatembeza wanakamati mwenyewe. Nimeandika hotuba. Nimeisoma mbele ya sanduku la vitabu na ilitoka yote.


Jumapili, 13 Juni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Walifika tukiwa tayari tumepangana. Bi Dunlop ni mama mrefu, mzee, mwenye kofia ya majani makavu. Alikuwa na bwana mmoja mwenye mkongojo na mama mwingine mnene aliyeshika kalamu. Clement alitoka na koti jekundu la Krismasi la mama yake, akapiga kengele kama ng'ombe anayepanda kilima, na akatangaza kwa Kiingereza safi kwamba wageni wetu waheshimiwa wamefika, Mungu awabariki wao na magoti yao. Sijui magoti yalitoka wapi. Bwana mwenye mkongojo alivua kofia.

Zamu yangu. Nilipiga hatua mbele na mwongozo wa Marlbridge kifuani. Nikafungua mdomo. Sauti ikapanda hadi kooni, ikaona kofia, ikarudi.

Bi Sikujua alinipita na kiti. "Shikamoo mama. Karibu, karibu ukae, jua hili litakuua." Bi Dunlop hakuelewa neno, lakini kiti alikielewa. Akaketishwa chini ya Msalaba wa Siagi. Ndiye mtu wa kwanza kukaa pale tangu ujengwe. Mzee Gervas akaonja chai mbele yake, akaipitisha, akampa.

Nilijiambia si kitu, sasa wataona biashara. Nikageuka kutazama vibao vyangu vya bei. Havikuwepo. Kimoja kilikuwa kimegeuzwa uso chini, na juu yake kulikuwa na mandazi. Kingine kilikuwa na sambusa. Mama alikuwa anapita gari hadi gari akivikusanya na kuvifanya sinia. Nilimkimbilia. Nikamwuliza kwa kunong'ona anafanya nini. Alinijibu bila kugeuka, "Bei mbele ya wageni? Unataka waseme tumelelewa wapi?"

Bwana mwenye mkongojo alikuwa amefika kwa Mama Serah. Alishika fungu la sukuma, akauliza linauzwaje. Nilimtazama Mama Serah kwa macho ya kumsihi. Nilimwonyesha kwa vidole bei niliyoichora mwenyewe.

Mama Serah alishika kifua. "Huyu baba amekuja kwetu mara ya kwanza, na mguu wenyewe unamuuma, halafu nimuuzie mboga? Mimi?" Akamjazia mfuko wa kwanza, akamjazia wa pili, akatafuta mtu wa kuibeba. Mama mwenye kalamu alipewa chupa nzima ya maziwa lala, kisha andazi la kushushia, kisha khanga begani. Kalamu akaiweka nyuma ya sikio ili apate mikono.

Na ikaenea. Hata wao kwa wao waliacha kuuziana. Ni aibu kutoa pochi mgeni akikutazama. Niliwaona watu wa unga wakimkabidhi mtu mfuko mzima na kumwambia kwa jicho, tutaongea. Nilizunguka maegesho yote nikinong'ona jamani, mmoja tu auze, mmoja tu. Kila niliyemnong'oneza alinipa kitu cha kula.

Nikaamua kuliokoa soko mwenyewe. Sanduku langu lilikuwa wazi. Bi Dunlop alikuwa ameinuka na sahani yake akaja kusimama mbele yake, na akachukua kutoka mkononi mwangu kile kitabu ambacho si cha sandukuni. Akakifungua penye picha ya mnara. Akaniuliza kwa nini umeinama.

Nikamjibu. Sijui ilikuwaje. Nikamweleza msingi wa udongo, na mto, na kuhusu kichochoro cha wachinjaji, na siagi, na miguu yenye vumbi, na ile kengele inayowaambia watu wafunike moto ambao hawana. Aliacha kula. Alisema anatamani angekuwa nacho kitabu kama hiki. Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Biashara ya kwanza ya siku. Bei nilikuwa nayo ulimini.

Nikasema, "Chukua tu."

Nilijisikia nikisema. Ulikuwa mdomo wangu. Nadhani ulikuwa wa mama yangu.

Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasisitiza. Nilimwongezea na andazi.

Kisha wanakamati walikaa pamoja chini ya Msalaba, na sisi wote tukajifanya tunapanga viti. Bi Dunlop alikwenda kwa Mchungaji Ndirangu. Mchungaji alipanda juu ya ngazi kutafsiri. Alisema Bi Dunlop anaomba radhi. Kamati ilikuwa imeambiwa kuna soko hapa, na mkataba unakataza soko. Lakini wamekaa mchana kutwa na hawajaona mtu hata mmoja akiuza kitu. Wameona watu wanakula pamoja. Mkataba haukatazi watu kula. Geti litabaki wazi, hata hadi jioni tukitaka. Na je, wao watatu wanaweza kuja tena Jumapili ijayo? Bwana mwenye mkongojo anatengeneza saladi ya viazi.

Vigelegele vya Bi Sikujua nadhani vilisikika Baltimore.

Waliposema wanaondoka tuliwasindikiza, watu wote, mpaka garini, na garini tukasimama tukaongea tena. Buti yao ilikataa kufungika kwa sababu ya sukuma. Baba aliikalia.

Clement alinirudishia kengele. Alisema Mheshimiwa Maktaba leo ameongea hadi kajishangaa. Nikamwambia anyamaze. Akasema ile habari ya kufunika moto ni nzuri, na mwisho wake hajui. Sikumwambia.


Jumatatu, 14 Juni

Nyumbani wote wana furaha. Mama anaimba jikoni. Amesema Bi Dunlop akija Jumapili ijayo hatakuwa mgeni tena, atakuwa mtu wetu, na atauziwa sukuma kama watu wote. Nilipomkumbusha kuhusu mkataba alisema tuvuke daraja tukilifikia, na kwamba kwanza aonje saladi.

Nimekaa kutafakari, kama mtu mwenye akili anavyopaswa, ni nini hasa kilichotuokoa. Mambo mengi yalikwenda kombo. Hotuba haikusomwa. Vibao vilitumika kama sahani. Hakuna aliyeuza hata shada la dania, licha ya maelekezo yangu yote. Ni muujiza kwamba makosa haya hayakutuangusha.

Kwa hiyo jibu ni moja. Ni Msalaba wa Siagi. Bi Dunlop aliketi chini yake na papo hapo moyo wake ukalainika. Na kengele. Na bango, ambalo nilimwona yule bwana akilisoma mara mbili. Waliingia mahali pa kihistoria na wakaujua uzito wake. Nilisema tangu mwanzo.

Nimemweleza Bridget. Amesema kwa Kiingereza kwamba ni mandazi. Mtoto huyu hawezi kusoma hata lugha yake.

Kitabu sinacho, lakini hakuna neno. Kipo chote kichwani. Na jambo ambalo halimtoki Bi Dunlop, nina hakika, ni ule mnara. Uso wake ulibadilika alipouona. Watu watatu wametoka upande wa pili wa mji kwa ajili ya paa la turubai. Je, wangapi watakuja kutazama mnara ulioinama?

Katoni ninazo, za televisheni ya jirani. Gundi ninayo. Mahali nimeshapachagua, kwenye kona ya maegesho yenye upepo kidogo tu. Baba huegesha gari pale kila Jumapili, lakini nimepiga hesabu na mnara utainamia upande wa pili.